Bakshishi katika mikahawa na baa za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waliotoka Afrika Mashariki

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu waliofika Marekani wakitokea Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko Kiswahili kinakozungumzwa: wanafunzi, wazazi waliokuja kuwaona wajukuu, madereva wa malori, na wale walioanza maisha mapya kwa kubeba sinia mkahawani. Anayejibu amekaa pande zote mbili za meza, kwanza kama mhudumu na baadaye kama mteja. Viwango vya mshahara vinavyotajwa ni vya sheria ya shirikisho, isipokuwa pale jimbo linapotajwa kwa jina.

## Misingi

1. Bakshishi ya Marekani inatofautianaje na ile tuliyoizoea nyumbani?

Kwetu bakshishi ni asante. Mteja amekula, ameridhika, chenji kidogo imebaki, naye humwambia mhudumu, "Hiyo kanywe soda." Asiposema hivyo hakuna anayemnunia, kwa kuwa mshahara wa mhudumu, hata ukiwa mdogo, hutarajiwa kutoka kwa tajiri wake.

Marekani mambo ni mengine. Bakshishi ya huko ni sehemu ya bei ya chakula ambayo haikuandikwa kwenye menyu, na mhudumu huihesabu kuwa ujira wake. Anayeondoka bila kuiacha haonekani kama mtu aliyesahau kushukuru. Huonekana kama mtu aliyekula akalipa pungufu. Ndiyo maana wageni wetu hushangaa kuona mhudumu aliyekuwa akitabasamu jioni nzima akibadilika uso dakika moja baada ya bili kufungwa.

Jambo la kushika ni kwamba bakshishi huhesabiwa kabla ya kukaa mezani, wala si baada ya kushiba. Sahani iliyoandikwa dola 20 itakugharimu karibu dola 26 ukijumlisha kodi ya mauzo, ambayo nayo haimo kwenye bei ya menyu, pamoja na bakshishi ya asilimia 20. Kama dola 26 hazipo mfukoni, chagua sahani ya dola 14.

2. Je, kuna sheria inayonilazimisha kuacha bakshishi?

Hakuna. Ni desturi, na polisi hawahusiki. Jambo moja tu hulipwa kwa lazima, nalo ni tozo ya huduma iliyotangazwa mapema kwenye menyu na kuingizwa ndani ya bili. Tazama swali la 9.

3. Kwa nini nimlipe mimi mfanyakazi wa mtu mwingine?

Swali hili huulizwa kwa hasira zaidi ya yote, na aliyekasirika ana hoja. Chimbuko liko kwenye sheria. Sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi ilipotungwa mwaka 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wengi wa mikahawa na hoteli. Iliporekebishwa mwaka 1966 iliwaingiza, lakini papo hapo ikawapa waajiri ruhusa ya kuihesabu bakshishi ya mfanyakazi kuwa sehemu ya kima cha chini cha mshahara wanachodaiwa kumlipa. Kwa maneno mengine, sheria ilimkubalia tajiri kulipa deni lake kwa fedha ya mteja.

Hali ya leo ni hii. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu mwaka 2009. Mfanyakazi ambaye kwa kawaida hupata bakshishi ya zaidi ya dola 30 kwa mwezi anaweza kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kilichoganda hapo tangu mwaka 1991, na zile dola 5.12 zinazobaki huchukuliwa kuwa zimelipwa na wateja. Bakshishi zisipofikia kiasi hicho katika wiki ya kazi, mwajiri anatakiwa kuongeza tofauti. Sheria ndiyo inavyosema. Ila kwenye zamu za Jumatatu asubuhi, pale wateja wanapokuwa wachache, wapo wahudumu wasiojua kwamba wana haki ya kudai nyongeza hiyo, na wapo wanaojua lakini wanaogopa kupunguziwa zamu.

Kwa kuwa kodi ya mapato ya bakshishi hukatwa kwenye mshahara huohuo wa dola 2.13, hundi ya wiki ya mhudumu wa Texas mara nyingine huja na dola chache tu, na mara nyingine na sifuri. Niliyaona hayo kwenye hundi yangu mwenyewe kabla sijayaelewa, nikadhani kuna kosa la uhasibu.

4. Je, majimbo yote yako hivyo?

Hapana. Majimbo saba, yaani Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington, hayaruhusu ujanja huo: mhudumu hulipwa kima cha chini kamili cha jimbo, na bakshishi huja juu yake. Texas, Kentucky, Georgia na North Carolina hufuata dola 2.13 za shirikisho. Katikati yapo majimbo yenye viwango vyao, kama Massachusetts ambako ni dola 6.75; mwaka 2024 wapiga kura wa huko waliulizwa kama kipandishwe polepole hadi kima kamili, wakakataa.

Mgeni angedhani kwamba Minneapolis (Minnesota) au Seattle (Washington) mteja hutegemewa kuacha kidogo kuliko Houston (Texas) au Louisville (Kentucky), lakini desturi haikufuata sheria: asilimia zinazotarajiwa ni zilezile nchi nzima. Maoni yangu ni kwamba ikiwa una dola mbili za ukarimu wa ziada, ziache pale mshahara ulipo dola 2.13.

5. Niache kiasi gani mkahawani?

Kwa mkahawa ambako unaketi na kuhudumiwa mezani, asilimia 15 ni kiwango cha chini kinachokubalika bila manung'uniko, asilimia 18 ni ya kawaida, na asilimia 20 ni ya mteja aliyeridhika. Wengi siku hizi huenda moja kwa moja kwenye 20 kwa kuwa ndiyo rahisi kupiga hesabu: chukua sehemu ya kumi ya bili, kisha izidishe mara mbili. Bili ya dola 64 ina sehemu ya kumi ya dola 6.40, hivyo bakshishi ni dola 12.80, nawe unaifanya 13 na kufunga shughuli.

Bili ndogo zina hesabu yake. Aliyekunywa kahawa na kula mayai kwa dola 9, huku kikombe chake kikijazwa mara nne, hatendi haki akiacha dola 1.35 kwa sababu tu asilimia imesema hivyo. Dola 2 au 3 ndizo zinazostahili. Usiache kamwe sarafu chache za senti moja moja, kwani wahudumu huzisoma kuwa ni tusi la makusudi, baya kuliko kutoacha kitu.

6. Nihesabu kutoka jumla ya kabla ya kodi au baada ya kodi?

Kabla ya kodi. Kodi ya mauzo ni ya serikali, na mhudumu hakuileta kwenye sinia. Hata hivyo kodi hiyo yaweza kukusaidia kupiga hesabu haraka. Jijini New York ni asilimia 8.875, kwa hiyo ukiizidisha mara mbili unapata karibu asilimia 18; Houston ni asilimia 8.25, ambayo mara mbili yake ni 16.5, nawe unaongeza kidogo. Njia hii haifanyi kazi Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo kabisa.

Ikiwa una kuponi ya punguzo, au mkahawa umekutolea sahani bure, hesabu kutoka bei iliyokuwapo kabla ya punguzo. Mhudumu alibeba sahani nzima, hakubeba nusu.

## Bili, kadi na skrini

7. Nimepewa karatasi mbili baada ya kutoa kadi. Nifanye nini nazo?

Kwenye mikahawa mingi mhudumu huondoka na kadi yako, jambo ambalo mtu aliyezoea kulipa kwa simu huliona kama kuporwa, kisha huirudisha pamoja na karatasi mbili. Moja ni yako, nyingine ni ya mkahawa. Kwenye ile ya mkahawa kuna mistari mitatu: mmoja wa bakshishi, mmoja wa jumla, na mmoja wa sahihi. Andika bakshishi, jumlisha mwenyewe, andika jumla, tia sahihi, uiache mezani. Ukiwa umeacha fedha taslimu, andika hivyo kwenye mstari wa bakshishi au upige mstari juu yake, usiuache wazi.

Wageni wengi hupiga simu benki siku ya pili wakidai wameibiwa, kwa sababu waliona dola 64 usiku na dola 77 asubuhi. Kadi hupitishwa kwanza kwa kiasi cha bili tupu, na bakshishi uliyoandika huongezwa baadaye mkahawa unapofunga hesabu. Kiasi kamili huonekana baada ya siku moja hadi tatu. Tunza karatasi yako mpaka hapo.

8. Je, ni bora kuacha fedha taslimu au kwenye kadi?

Mhudumu hupendelea fedha taslimu, kwa kuwa huondoka nayo usiku huohuo, ilhali ya kadi mara nyingi husubiri siku ya mshahara. Tena sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kukata kwenye bakshishi ya kadi ile sehemu ya ada anayotozwa na kampuni ya kadi. California imekataza makato hayo. Pamoja na hayo, bakshishi ya asilimia 20 kwenye kadi ni bora kuliko dola tatu za karatasi ulizozikuta mfukoni.

9. Bili yangu tayari ina mstari wa tozo ya asilimia 18. Niongeze tena?

Soma neno lililoandikwa. Likiwa "gratuity", mara nyingi ni bakshishi iliyokwisha kuhesabiwa kwa meza kubwa, kwa kawaida ya watu sita au wanane kwenda juu, nawe huna haja ya kuongeza. Wapo wateja wanaolipa mara mbili kwa kutosoma, na mhudumu si kila mara atakuwa mwepesi kuwakumbusha.

Likiwa "service charge", yaani tozo ya huduma, uliza. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, huitofautisha tozo ya lazima na bakshishi: bakshishi ni ile ambayo mteja ameitoa bila kulazimishwa, akapanga kiasi mwenyewe, pasipo kiasi hicho kuwekwa na sera ya mwajiri, na akawa na haki ya kuamua nani aipate. Tozo isiyotimiza masharti hayo ni mapato ya mkahawa, na mwenye mkahawa ndiye huamua kama itagawiwa wahudumu, yote au kiasi, kwa kufuata sheria ya jimbo lake. Swali la adabu kabisa ni hili: "Je, tozo hii inakufikia wewe?" Akijibu kuwa haimfikii, mwachie kitu mkononi.

Mikahawa michache ilijaribu kufuta bakshishi na kupandisha bei. Jaribio lililojulikana zaidi ni la kampuni ya mikahawa ya Danny Meyer jijini New York, iliyoanza utaratibu huo mwaka 2015 na kuuacha mwaka 2020. Ukikuta menyu imeandikwa kwamba bakshishi haipokelewi, amini ilivyoandikwa.

10. Nimenunua kahawa tu, wakanigeuzia skrini inayoniuliza asilimia 18, 20 au 25. Nifanye nini?

Unaruhusiwa kubonyeza kitufe cha kukataa, na dunia haitasimama. Skrini hizo zimeenea mpaka kwenye maduka ya mikate na vibanda vya maji ya matunda, na Wamarekani wenyewe wamezichoka. Pale unapoagiza ukiwa umesimama kaunta na kubeba mwenyewe, bakshishi ni hiari kwa maana halisi ya neno: dola moja kwa kahawa iliyotengenezwa kwa ustadi ni sawa, na kutoacha kitu kwa chupa ya maji ni sawa pia. Angalia pia kwamba mashine nyingi huhesabu asilimia kutoka jumla yenye kodi ndani yake, kinyume cha kanuni ya swali la 6.

## Baa

11. Kwenye kaunta ya baa nitoe ngapi?

Dola 1 kwa kila bia au soda, dola 2 kwa kinywaji kilichochanganywa, au asilimia 18 hadi 20 ya bili nzima ikiwa unalipa mwishoni. Bia ya dola 4 na bia ya dola 8 hufunguliwa kwa mkono uleule, kwa hiyo hapa watu hawahesabu asilimia sana.

Baa iliyojaa ina siasa yake. Mhudumu wa kaunta huwakumbuka walioacha dola kwenye duru ya kwanza, na duru ya pili huwafikia mapema. Aliyezoea kumwita mhudumu kwa mluzi, kugonga chupa mezani au kupunga noti hewani ajue kwamba huko humrudisha nyuma ya foleni. Mtazame machoni, inua kichwa kidogo, usubiri.

12. Wameniuliza kama nafungua bili au nafunga. Maana yake nini?

Wanataka kujua kama unalipa kila duru au wabaki na kadi yako mpaka mwisho. Ukifungua bili, bakshishi huandikwa mara moja wakati wa kufunga. Ukisahau kadi ukaenda nyumbani, baa nyingi hujifungia bili zenyewe na kujiongezea bakshishi waliyoitangaza, mara nyingi asilimia 20.

13. Sinywi pombe, au mimi ndiye dereva wa wenzangu. Je, niache kitu kwa soda ya bure?

Ndiyo, dola 1 kwa gilasi. Baa nyingi humpa dereva soda bila malipo, lakini aliyeimimina bado yuko kazini. Ndivyo ilivyo pia mhudumu akikupa kinywaji "kwa niaba ya nyumba", yaani bure: mwachie nusu ya thamani yake au dola kadhaa.

## Tukiwa wengi

14. Tulikuwa kumi, kila mmoja akatoa fedha ya chakula chake, lakini mwishoni zikapungua dola 60. Tulikosea wapi?

Mliangalia menyu. Kila mmoja alisoma bei ya sahani yake, akampa dada aliyekusanya mchango kiasi hichohicho, na hakuna aliyekumbuka kodi wala bakshishi. Hilo limevunja urafiki zaidi ya moja. Kanuni ya kuepuka aibu ni kila mtu kutoa bei ya menyu pamoja na asilimia 30, ambayo hufunika kodi na bakshishi katika miji mingi na kubakiza chenji kidogo.

Jingine ni kumwambia mhudumu tangu mnaketi kwamba mnataka bili za kutengana. Kuomba hivyo baada ya saa mbili, watu wakiwa wamehama viti na kuonjana sahani, ni kumtesa. Na ikiwa mzee mmoja amesema kwa desturi yetu kwamba leo nyote ni wageni wake, mwacheni alipe. Lakini mmoja wenu amuulize kwa upole, "Mzee, turuhusu sisi tumwachie kijana wa watu," kwa sababu mwalikaji aliyefika juzi kutoka Mwanza au Kisumu yawezekana hajui kwamba bili ya dola 300 ina dola 60 nyingine nyuma yake. Kwanza hakikisheni hazijaingizwa tayari, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9.

15. Tumekaa meza moja saa nne tukitazama mpira. Kuna tatizo?

Hakuna anayewafukuza, lakini mhudumu hupewa meza nne au tano tu kwa zamu, na kila moja hutarajiwa kupokea wateja wapya baada ya saa moja hivi. Meza iliyozuiwa ni bakshishi mbili au tatu zilizopotea. Mkiagiza sahani moja ya mabawa ya kuku na maji ya bomba kwa mchezo mzima, asilimia 20 ya dola 18 haiwafichi. Ongezeni.

16. Tumeleta keki yetu ya sherehe. Je?

Uliza mapema kama inaruhusiwa na kama kuna ada ya kuikata. Mhudumu ataleta visahani, visu na kiberiti bila kuviandika kwenye bili, kwa hiyo ongeza dola 10 au zaidi kutegemea ukubwa wa kundi.

## Huduma za aina nyingine

17. Vipi kuhusu chakula cha kubeba, cha kuletewa nyumbani, na kile cha kujipakulia?

Cha kubeba hakidai kitu, ingawa oda kubwa iliyopangwa na kufungwa vizuri inastahili asilimia 10. Cha kujipakulia, ambako mhudumu huleta vinywaji na kuondoa sahani, ni asilimia 10. Cha kuletewa nyumbani ni asilimia 15 hadi 20, na isiwe chini ya dola 4 au 5, hasa siku ya theluji. Ile ada ya usafirishaji unayoiona kwenye programu si bakshishi ya dereva.

18. Mkahawa ni wa ndugu yetu, Mkenya mwenzetu anayechoma nyama. Bado naacha bakshishi?

Mhudumu wake anafanya kazi chini ya sheria zilezile, na nyama choma haibadilishi kima cha mshahara. Wahudumu wa mikahawa yetu hulalamika, na kwa haki, kwamba wateja wa nyumbani huwaita "dada yangu" na "shemeji" tangu kuingia hadi kutoka, kisha huacha dola mbili kwenye bili ya dola 90. Undugu usiwe punguzo. Ikiwa mwenye mkahawa ndiye aliyekuhudumia peke yake, desturi ya zamani haikudai bakshishi. Siku hizi wengi huacha, na wewe ukimpelekea wateja wengine umemfaa zaidi.

## Mambo yanapoharibika

19. Huduma ilikuwa mbaya. Naweza kutoacha kitu?

Kwanza tenganisha makosa. Chakula kilichochelewa au chenye chumvi nyingi ni kosa la jikoni, na wapishi ndio ambao mara nyingi hawaguswi na bakshishi yako. Kosa la mhudumu ni kusahau oda, kukutelekeza nusu saa, kukujibu vibaya. Kwa hayo, teremka hadi asilimia 10 na umweleze meneja kwa maneno. Bakshishi sifuri bila maelezo haimfundishi mtu chochote. Mhudumu hudhani umesahau, au hudhani, kama ilivyo kawaida, kwamba "watu wale" hawaachi kitu. Dhana hiyo ipo dhidi ya wateja weusi na wahamiaji, na hufanya baadhi ya wahudumu watuhudumie vibaya kabla hata hatujaagiza. Ukitendewa hivyo waziwazi, meneja ndiye wa kuitwa, tena mapema, kabla bili haijaletwa.

Jua pia kwamba katika mikahawa mingi mhudumu hulazimika kuwapa msafisha meza na mhudumu wa kaunta sehemu ya mauzo yake, iwe ameachiwa kitu au hakuachiwa. Meza iliyoacha sifuri yaweza kumgharimu fedha yake mwenyewe.

20. Nimegundua mezani kwamba fedha haitoshi kwa bakshishi. Nifanyeje?

Sema ukweli kwa sauti ya chini, acha ulichonacho, na ukiweza rudi kesho na bahasha. Wahudumu husimulia kwa miaka hadithi za mteja aliyerudi. Usiache badala yake kijikaratasi cha Injili kilichochapwa mfano wa noti ya dola 20. Vipo, huachwa hasa Jumapili baada ya ibada, na sijawahi kuona kikimwongoa mtu.

21. Je, nimpe anayepanga meza noti ili tusisubiri foleni?

Katika miji ya starehe kama Las Vegas wapo wanaofanya hivyo. Si lazima, na kwa masikio yetu inafanana mno na kitu kidogo.

## Kwa wanaofanya kazi hizi

22. Meneja wetu huchukua sehemu ya bakshishi. Ni halali?

Si halali. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri, meneja na msimamizi kujichukulia bakshishi za wafanyakazi, hata pale wanapolipwa kima cha chini kamili. Meneja anaweza kubaki na ile tu aliyopewa na mteja kwa huduma aliyoitoa yeye mwenyewe peke yake.

Mfuko wa kugawana baina ya wafanyakazi ni jambo jingine, nao unaruhusiwa. Ikiwa mwajiri anatumia ile nafuu ya dola 2.13, mfuko wa lazima huhusisha wale tu ambao kwa desturi hupokea bakshishi, kama wahudumu, wasafisha meza na wa kaunta. Ikiwa anawalipa wote kima kamili, wapishi na waosha vyombo wanaweza kuingizwa. Andika kila zamu kwenye daftari lako: saa, mauzo, bakshishi, ulichotoa. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Kazi ya shirikisho, kitengo cha mishahara na saa za kazi, au idara ya kazi ya jimbo.

23. Mteja ametoroka bila kulipa, na mwajiri anataka kunikata. Aweza?

Kwa anayelipwa dola 2.13, hawezi. Kwa kuwa tayari anahesabiwa kuwa amefikia kima cha chini bila ziada, makato yoyote ya wateja waliotoroka, upungufu wa kaunta, vyombo vilivyovunjika au sare yatamshusha chini ya kima hicho, jambo ambalo sheria ya shirikisho haikubali.

24. Bakshishi inatozwa kodi? Nimesikia imefutwa.

Haikufutwa, imepunguzwa kwa muda. Bakshishi ni mapato, na ikifika dola 20 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, unatakiwa kumwarifu kiasi chake kabla au ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 inamruhusu mhudumu kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, na nafuu hiyo hupungua kwa anayezidi mapato ya dola 150,000. Michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni huendelea kukatwa, tozo za lazima za swali la 9 hazihesabiwi, na anayedai nafuu hii lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii inayomruhusu kufanya kazi. Kuficha bakshishi kuna hasara nyingine ambayo vijana huigundua wanapotafuta nyumba: mapato yasiyoandikwa hayakopesheki.

25. Nikienda likizo nyumbani, niendelee na asilimia 20?

Si lazima, na wakati mwingine huwavuruga wenyeji. Kwenye mikahawa ya hoteli za Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, asilimia 5 hadi 10 hupokelewa kwa furaha, baada ya kuangalia kama bili haina tozo ya huduma ndani yake. Kwa mama ntilie, au kwenye kibanda cha chipsi, hakuna anayeitarajia. Ukimwambia abaki na chenji, yatosha. Ikiwa unalipa kwa simu, fedha uliyoiongeza kwenye namba ya malipo ya mkahawa humfikia mwenye mkahawa kwanza, kwa hiyo muulize mhudumu namba yake umtumie yeye mwenyewe, au ubaki na noti ndogo mfukoni.